Yungiyungi la Kibokoni: majani miaka miwili, ua hakuna

Nina kitalu kidogo cha maua upande wa Kisauni. Februari 2023 nilipigiwa simu na mama mmoja wa Kibokoni, Mji wa Kale, aliyepewa nambari yangu na jirani yake niliyewahi kumuuzia miche ya asumini. Baada ya shikamoo na marahaba hakuzunguka: "Mwanangu, njoo unitazamie maua yangu. Yanaota, yananawiri, kisha basi. Mwaka wa pili huu sijaona hata tumba."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Nyumba ni ya zamani, kuta nene za mawe ya matumbawe, ua wa ndani ulio wazi juu, kisima pembeni. Karibu na ngazi palikuwa na vyungu vitatu vya mayungiyungi meupe, yale ambayo wauzaji huyaita lili. Wapo watakaofikiria lile yungiyungi la majini, lenye majani yanayoelea kidimbwini. Hilo ni mmea mwingine kabisa. Hili la Kibokoni hukua mchangani, lina tunguu chini, na ua lake ni refu kama tarumbeta. Jina lake la kitaalamu ni Lilium longiflorum.

Mwanawe alimletea kutoka Nairobi Desemba 2020, yakiwa tayari na matumba. Januari yakachanua yote, nyumba nzima ikanukia, majirani wakawa wanaingia kunusa tu. Yaliponyauka, Bi Mkubwa (nitamwita hivyo) aliyakata mashina hadi chini siku hiyo hiyo, kwa usafi, akayahamishia matunguu kwenye vyungu vipya na kuyapanda juu juu kama kitunguu cha mboga, shingo nje. Akayanywesha asubuhi na magharibi, na kila mwezi samadi ya mbuzi. Mwaka 2021 yakatoa mashina membamba yenye majani bila ua. Mwaka 2022 yakawa mafupi zaidi. Siku niliyoyaona mimi, ncha za majani zilikuwa kahawia, zimekauka kana kwamba zimepitishwa karibu na moto.

Nilichota maji ya kisima kwa kiganja nikaonja. Yalikuwa na chumvi, na nikajiona nimemaliza kazi. Kisiwani Mombasa visima vingi viko hivyo, bahari haiko mbali na mwamba wenyewe ni wa matumbawe. Yungiyungi halistahimili chumvi. Maji yakinyonywa na mizizi au kupotea hewani, chumvi hubaki kwenye udongo wa chungu, hujilimbikiza wiki baada ya wiki, na ncha za majani ndizo huungua kwanza. Nikamwambia aache kisima kabisa, atumie maji ya mfereji siku yanapokuja, akinge ya mvua, na kwa kuanzia amwagie kila chungu maji matamu mengi mpaka yatoke chini mara kadhaa ili yafue udongo.

Alifanya yote niliyomwambia. Baada ya wiki 10 nilirudi nikakuta majani mapya ni kijani hadi nchani. Tumba hakuna hata moja. Chumvi ilikuwa tatizo la kweli, lakini lilikuwa tatizo la pembeni, nami nililishika kwa sababu ndilo lililoonekana kwa macho.

Mwisho wa Aprili tukafukua. Hapa inafaa nieleze tunguu lenyewe, kwa sababu kila kitu kilichofuata kinatoka humo. Tunguu la yungiyungi halina ganda kavu la nje kama kitunguu maji. Ni magamba manene meupe yaliyopangana kama tumba la alizeti lililofumba, yote yameshikwa chini na kitako kimoja ambako mizizi hutokea. Kwa kuwa halina ganda, hukauka upesi likiachwa nje, na likikaa kwenye maji yaliyotuama huoza upesi vilevile. Halafu lina tabia ambayo wengi hawaijui: shina lake nalo huota mizizi, hapo juu ya tunguu, chini ya ardhi. Ndiyo maana hupandwa kwa kina, sentimita 10 hadi 15 za udongo juu yake. Bi Mkubwa alipoyapanda shingo nje aliyanyima mizizi hiyo yote.

Nikaazima tepu ya ushonaji tukapima mzingo. Moja lilikuwa sentimita 10, la pili 9, la tatu halikufika 8. Kwenye biashara matunguu haya huuzwa kwa mzingo, kwa mfano 14 hadi 16 au 16 hadi 18, na kadiri tunguu linavyokuwa nene ndivyo matumba yanavyoongezeka. Haya yalikuwa yamepungua, na sababu yake si fumbo. Majani yanayobaki baada ya ua ndiyo yanayolijaza tunguu akiba ya mwaka unaofuata. Ukikata shina lingali kijani, umefunga jiko kabla chakula hakijaiva. Linalokatwa ni ua lililonyauka peke yake. Shina na majani huachwa mpaka yawe ya njano yenyewe. Usiku wa joto nao una mchango wake, kwani mmea huunguza akiba yake usiku kucha, na joto likiwa kubwa huunguza zaidi.

Hata hivyo sikuridhika. Tunguu la sentimita 10 ni dogo, lakini aina hii inaweza kutoa angalau ua moja kwa ukubwa huo. Kilichokuwa kinakosekana hakikuwa chakula.

Kilikuwa baridi. Yungiyungi hili kwao ni visiwa vya Ryukyu kusini mwa Japani, na Taiwan. Mtu anaweza kuuliza, kisiwa na kisiwa, pwani na pwani, kwa nini lisipende Mombasa? Nami nilijiuliza. Jibu ni kwamba huko Okinawa, katika visiwa hivyohivyo, Januari wastani wa joto hushuka mpaka nyuzi 17 hivi. Kwetu usiku wa Julai na Agosti, wakati wa kusi, ambao ndio wenye baridi kuliko yote, huelea kwenye nyuzi 20, na mchana hurudi 27 au 28. Tunguu hili linahitaji kipindi cha baridi ndipo litengeneze ua. Wakulima wanaolichanuza kwa ajili ya soko huliweka kwenye vyumba vya baridi, nyuzi 4 hadi 7, kwa takriban saa 1,000, yaani wiki 6 hivi, kabla halijapandwa au likiwa tayari limepandwa. Lisipopata baridi hiyo hutoa majani, au huchelewa mno, au hukaa tu.

Kwa hiyo ule uchanuaji wa Januari 2021 ulikuwa umetayarishwa kabla chungu hakijafika Kibokoni. Baridi ilikwisha kuingia kwenye tunguu huko lilikotoka. Bi Mkubwa alipokea ua lililokwisha kuamuliwa, na hakuna aliyemweleza kwamba la mwaka unaofuata lingetaka baridi tena. Hili linanisikitisha kila ninapoona vyungu vya lili vikiuzwa pwani bila neno lolote. Mtu huondoka akidhani amenunua mmea wa kudumu, na usipochanua hujilaumu mikono yake. "Basi si mkono wangu mbaya," aliniambia, na nikaona amepumua.

Matunguu mawili makubwa tuliyapeleka kwenye friji yake. Nilichukua usumba wa makumbi, nikauloweka, nikaukamua mpaka usidondoshe maji, nikayafunika nao ndani ya mfuko wa plastiki wenye matundu, tukauweka droo ya chini, mbali na sehemu inayogandisha. Sharti nililomkazia ni matunda. Embe bivu, ndizi na mapapai hutoa hewa ya ethilini ambayo huharibu tumba likiwa bado changa ndani ya tunguu, wala nje huoni kitu. Msimu mkubwa wa embe ulikuwa umepita, jambo lililotusaidia. Tuliyaweka mwanzoni mwa Mei tukayaacha wiki 8 badala ya 6, kwa kuwa friji ya nyumbani hufunguliwa kutwa na stima hupotea. Faida nyingine ya Mei ni kwamba yakitoka yanaingia Julai, wakati wa kipupwe, na kupata miezi mitatu ya hewa ya afadhali kabla kaskazi haijaanza kuvuma.

Tunguu la tatu, lile dogo, nilililaza kwenye sinia nikalibomoa. Bi Mkubwa alishtuka, lakini hii ndiyo njia ya nyumbani ya kulizidisha yungiyungi. Unabandua magamba moja moja kuanzia nje, kila moja likitoka na kipande kidogo cha kitako, kwa sababu kitunguu kichanga huzaliwa pale penye jeraha la chini. Mwenye tunguu kubwa hubandua safu mbili za nje tu na kulipanda tena lililobaki. Letu lilikuwa dogo, tukalitoa lote. Magamba 16. Nikayapaka unga wa dawa ya ukungu, nikayachanganya na usumba uliokamuliwa, mfuko, fundo, kabatini gizani.

Kinachofaa ni nyuzi 20 hadi 25. Kabati la Mji wa Kale mwezi Mei lina zaidi ya hapo, na tulilipia. Matano yalioza ndani ya wiki tatu, ukiyabonyeza yanateleza kama ndizi iliyopitiliza. Nilimwambia aufungue mfuko kila Ijumaa na kutoa chochote chenye harufu, kwani moja likiachwa huambukiza yote. Wiki ya saba, magamba 8 kati ya 11 yaliyobaki yalikuwa na vitunguu vichanga chini yake, jumla 13, vyeupe, ukubwa wa punje ya mtama hadi wa njugu, vingine na mizizi miwili mitatu. Alinipigia simu saa moja asubuhi kunieleza, akivihesabu kwa sauti.

Vichanga hivyo navyo vinataka baridi ndipo vitoe jani. Tukaviweka friji kutoka katikati ya Juni hadi mwanzo wa Septemba, kisha tukavipanda kwenye makopo yenye mchanga wa mto, usumba na mboji iliyoiva. Vikatoa jani moja moja, kama ulimi. Ilipofika Machi 2024, baada ya joto la kaskazi, vilikuwa vimebaki 4. Kutoka gamba hadi ua ni miaka miwili hadi mitatu hata kwenye nchi zinazolifaa, na kwa Mombasa kila mwaka wa hiyo unapitia friji. Njia ni nzuri, naipenda, lakini anayeishi usawa wa bahari ajue anachoanzisha. Mwenye jamaa Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu, ampelekee huko.

Baadaye, mwaka huo wa 2023, lile tunguu la sentimita 10 likatoa tumba moja. La pili likatoa majani tu. Tumba likarefuka, likageuka kutoka kijani kuwa jeupe, na tarehe 3 Oktoba likafunguka. Nilifika alasiri kuliangalia. Chini ya chungu alikuwa amelala paka.

Anayeujua Mji wa Kale anajua paka wake. Nyumba hii ilikuwa na wanne walioingia na kutoka, na Bi Mkubwa huwalisha vichwa vya samaki kila jioni. Mimi nilikuwa nimewaona tangu Februari, nimewaruka mlangoni, na sikuunganisha. Yungiyungi la jamii ya Lilium ni sumu kali kwa paka: jani, ua, shina, chavua, hata maji ya chombo kilichowekwa maua hayo. Paka akipita, vumbi la njano humwangukia mgongoni, akijilamba limeingia. Hutapika, hukataa chakula, hulegea, na ndani ya siku moja hadi tatu figo hushindwa kazi. Akifikishwa kwa daktari wa mifugo mapema, kabla saa 18 hazijapita, akawekewa maji ya mshipa, huweza kupona. Figo zikishafunga, mara nyingi nafasi ya kupona imeshapita.

Swali la paka lilikuwa la kuulizwa siku ya kwanza, kabla ya chumvi, kabla ya mzingo. Sikuuliza. Sasa mtu yeyote akinijia na habari za lili, naanza nalo.

Nilimtazama paka yule manyoya yote, pua na makucha, sikuona njano. Nikakata vifuko sita vya chavua kwa mkasi na kuvifunga kwenye karatasi, kisha nikamweleza mwenyewe. Alikaa kimya kwenye ngazi. Ua alilolisubiri miaka miwili na zaidi lilikuwa limefunguka asubuhi hiyo. Kisha akasema, "Lichukue, mwanangu. Roho ya kiumbe si ya kuchezewa." Nikaondoka nacho chungu magharibi, pamoja na kile cha pili. Paka walitazamwa siku tatu, hakuna aliyeugua. Vile vichanga alibaki navyo juu ya kabati mpaka nilipovifuata kesho yake.

Kisa kingeishia hapo kwa huzuni kama si kopo moja ambalo sijalitaja. Siku tulipofukua, ule mwisho wa Aprili, nyuma ya mlango wa jiko palikuwa na kopo kubwa la mafuta, limepasuka ubavuni kwa kubanwa, na juu yake mashina mawili ya maua mekundu yaliyofunguka, makubwa kama kiganja. "Hilo la zamani," alisema. "Aliliacha marehemu mama. Halihitaji kitu." Watu wengi hapa huliita lili jekundu, wengine amarilisi. Ni Hippeastrum, asili yake Amerika ya Kusini, na kwa ukoo si ndugu wa lile jeupe.

Tofauti yake ndiyo iliyonifanya nielewe kisa chote. Nalo tunguu lake hutaka mapumziko, lakini mapumziko ya ukame. Hutulia udongo ukikauka, na mvua ikirudi huamka na ua. Kopo lile lilikuwa chini ya ukingo wa paa, mahali ndoo ya kumwagilia haikufika. Januari hadi Machi halikupata tone, likalala. Mvua za mwaka zilipoanza likaamka. Mapumziko yake yamo kwenye kalenda ya Mombasa yenyewe, na lile jeupe mapumziko yake hayamo. Huku anamwagilia vyungu vitatu mara mbili kwa siku, lile alilolisahau ndilo lililopata ratiba yake sawasawa.

Julai tukalipasua kopo kwa mkasi wa bati. Ndani mlikuwa na tunguu mama mawili na watoto saba, wamesongamana mpaka wengine walikuwa bapa. Watoto tuliwabandua kwa mkono, kila mmoja na mizizi yake, tukawapanda theluthi moja ya tunguu ikiwa juu ya udongo. Hapa shingo nje ndiyo sahihi. Hili ukilizika shingo huoza. Mama mmoja tulimrudisha mzima. Wa pili nilimkata kwa kisu kilichofutwa spiriti, kutoka juu hadi chini kama unavyokata chungwa, vipande 8, kila kimoja na sehemu ya kitako. Tukavisimamisha kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini, bila friji na bila kabati. Baada ya wiki 9, vipande 6 vilikuwa na vitunguu kati ya magamba. Viwili vilioza.

Mbegu nazo zipo, ukipenda. Ua likishika tunda, likipasuka hutoa mbegu nyeusi bapa nyepesi kama karatasi. Zisiwekwe kabatini zikasubiri mwaka. Zimwagwe mbichi, huota ndani ya wiki mbili tatu.

Niseme pia kwamba, badala ya lile jeupe, nililifikiria lile linaloitwa Gloriosa superba, linalotambaa vichakani kwetu Kwale na Kilifi wakati wa mvua, lenye petali nyekundu zilizopinda juu na kingo za njano kama ndimi za moto. Ni zuri mno, na Zimbabwe wamelifanya ua la taifa. Lakini kiazi chake kina kolchisini, kitu ambacho kwa kipimo kidogo sana madaktari hutibia jongo na kwa kipimo kikubwa huua, na mtoto anaweza kukidhani kiazi cha kuliwa. Bi Mkubwa ana wajukuu wanaochimba kila mahali. Sikulipendekeza, na bado silipendekezi kwa nyumba yenye watoto.

Lile jekundu la kopo nalo lina sumu kwenye tunguu, paka au mtoto akilitafuna atatapika. Haliharibu figo za paka kama lile jeupe, wala halina tabia ya kuua kwa vumbi. Makopo tuliyaweka juu ya ukuta wa kisima.

Aprili 2025, watoto watatu kati ya wale saba walichanua. Wawili Bi Mkubwa amempa jirani wa asumini, yule aliyenipa kazi hii. Wale wa vipande bado wana majani tu, mzingo wa mkubwa wao sentimita 13. Januari ijayo tutawanyima maji wote pamoja. Lile jeupe liko kwangu Kisauni, nyuma ya wavu, na Mei hii limeingia friji mara ya tatu.